Shamba safi kupita kiasi: kisa cha mikorosho ya mteremkoni, Newala

Shamba lenyewe ni ekari nne na ushee, ukingoni mwa nyanda ya Makonde, upande wa Newala unaotazama bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Anayeijua Newala anaujua ukingo huo. Nyanda inapanda polepole kutoka pwani, kilomita baada ya kilomita, hata unasahau kwamba unapanda, kisha inakatika ghafla. Wageni hupelekwa Shimo la Mungu kupiga picha. Watu wa ukingoni wana mikorosho kwenye ubavu ule ule, na kila masika wanawaza jambo moja: majani haya yakatwe vipi bila udongo kuondoka nayo.

Familia imeniruhusu kukieleza kisa hiki, majina nimeyaacha. Wahusika wakuu ni watatu. Kuna mama anayekaa shambani, amevuka miaka sitini. Kuna mdogo wake wa kiume anayefanya kazi Dar es Salaam, ambaye ndiye mtoa fedha. Na kuna kijana wa kitongoji cha jirani anayefyeka kwa mashine kwa malipo. Shamba ndugu hawa walilirithi kwa mjomba wao, kama ilivyo desturi ya Wamakonde. Mimi niliitwa kushauri baada ya misimu miwili mibaya iliyofuatana: wa kwanza ulileta korongo, wa pili ukaleta moto. Wao waliyahesabu kama mikosi miwili. Mimi nilipolizunguka shamba sikuona sababu ya kuyatenganisha.

Kivuli kilichokuwa kikipalilia

Mikorosho ya zamani ilipandwa na mjomba kabla ya Operesheni Vijiji. Watu wa kusini hawahitaji kusimuliwa, ila kwa msomaji wa mbali: msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata tani kama 145,000 za korosho, kufika 1986/87 zilikuwa chini ya 20,000. Bei ilichangia, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, ukaja kumalizia, lakini sababu mojawapo kubwa ni kwamba watu walihamishiwa vijijini na mikorosho ikabaki kule kule ilikokuwa. Mkorosho usiofyekewa humezwa na kichaka. Hii ya mjomba nayo ilimezwa. Mjomba alipopata nguvu ya kurudi kulisafisha, alikuta miche iliyojiotea katikati ya miti yake. Hakuing'oa. Nani ang'oe mkorosho unaozaa?

Basi shamba likawa msongamano. Nafasi inayopendekezwa na watafiti wetu wa kituo cha Naliendele, Mtwara, ni mita 12 kwa 12, ambayo inatoa miti kama 28 kwa ekari. Hapa kuna ekari iliyokuwa na zaidi ya hamsini. Mkorosho hutoa maua pembeni mwa kivuli chake, pale jua linapogusa. Ukibanwa pande zote unarefuka kama mtu anayechungulia juu ya ukuta, na korosho zinabaki kileleni tu. Familia ilishauriwa kupunguza miti, ikapunguza wakati wa kiangazi, karibu miwili katika kila mitano. Ushauri ulikuwa sahihi na mimi ningetoa huo huo.

Kilichosahaulika ni kwamba kivuli ndicho kilichokuwa kikipalilia. Chini ya mikorosho iliyobanana haioti kitu cha maana, kuna zulia la majani makavu basi. Ukikata miti, jua linashuka hadi chini, na mbegu zilizolala humo miaka yote zinaamka kwa pamoja. Mvua zilianza Desemba. Katikati ya Januari majani yalikuwa magotini. Februari yalimfikia mtu kifuani, upupu ukiwa umeshaanza kupanda juu ya visiki vya miti iliyokatwa na kuvifunika visionekane.

Naomba visiki hivyo vikumbukwe. Vilikatwa kwa urefu wa goti, maana mkata mbao hainami bure, na vitatusumbua tena.

Haroo

Simu ilitoka Dar es Salaam: "Dada, tafuta trekta lipige haroo mara moja tu, shamba liwe safi."

Haroo ni chombo cha sahani za chuma kinachovutwa na trekta kukatakata udongo na majani. Ekari mbili za juu ni tambarare, trekta lilipita vizuri. Ekari za chini ni habari nyingine. Nilipima baadaye kwa kamba na fimbo: sehemu ya kati inateremka mita mbili hadi tatu na nusu kwa kila mita kumi za kwenda mbele, chini kabisa inafika mita moja kwa kila mbili. Dereva alikataa kupita ubavuni, na simlaumu hata kidogo, trekta la kawaida likipita kwa ubavu kwenye mteremko kama ule linaweza kumlalia mtu. Akafanya kilicho salama kwake: akapanda na kushuka, kupanda na kushuka, kutoka mstari wa kwanza hadi chini. Sahani za haroo zikachora mifereji kadhaa iliyonyooka kuelekea bondeni. Zilikata pia mizizi mingi, kwa sababu mizizi inayolisha mkorosho iko juu juu na inaenda mbali kuliko kivuli chake.

Lakini lilipendeza. Mama anasema majirani walisimama njiani wakasifia. Kwetu, shamba ambalo sindano ikianguka unaiona ndiyo sifa ya mtu mzima. Mwenye majani anachekwa hata kama korosho zake ni nyingi. Desturi hii ina akili kwenye tambarare ya mchanga, ambako mvua inazama palepale iliponyesha. Imeletwa mteremkoni bila kubadilishwa chochote, na sioni mtu anayeihoji.

Mvua kubwa za Machi zikaja. Maji kutoka ekari mbili za juu, nazo zikiwa tupu, yalikuta njia zimeshachimbwa. Kufika Pasaka mifereji miwili ilikuwa imeungana kati ya mstari wa nne na wa tano ikawa korongo la kumfikia mtu kiunoni.

Ukitaka kujua shamba lako limepoteza udongo kiasi gani, usitazame korongo. Korongo linampigia kelele kila mtu. Tazama shina la mti. Mkorosho uliokaa muda mrefu una alama pale ulipokutana na ardhi: juu ya alama ganda ni jeusi, limepasuka, lina ukungu wa kijivu, chini yake ganda ni jembamba na rangi imepauka, kwa sababu halijawahi kuona jua. Kwenye mti mmoja wa mstari wa sita nilipachika kiganja kati ya alama hiyo na ardhi ya sasa, upande wa bondeni, kikaingia chote na vidole viwili zaidi. Upande wa mlimani wa shina lile lile udongo ulikuwa umejaa juu ya alama. Mizizi ya upande wa chini ilikuwa inaning'inia hewani kama kamba za hema, mingine imekatwa sawasawa na sahani za haroo. Huo mti bado una majani mabichi, na mwenye shamba hakuwa ameuhesabu kama hasara.

Msimu wa pili

Korongo lilileta ugomvi wa kimya kimya kwenye simu. Mama akasema trekta halitakanyaga tena. Mdogo wake akatuma dawa ya kuua magugu.

Sina ugomvi na dawa kama dawa, ila hesabu ya maji ilifanywa na mtu aliye mbali na bomba. Ekari moja inataka lita 80 hivi, yaani mabomba matano ya mgongoni ya lita 16. Juu ya nyanda maji ni shida ya kihistoria. Ndoo ni fedha au ni mguu. Mama alimaliza ekari za juu, akaanza mteremko, akaishiwa nguvu kwenye mstari wa tatu. Pale dawa ilipofika, majani yalikufa hadi mizizi, na udongo ukabaki bila kitu cha kuushika kwa mvua za mwisho. Pale isipofika, majani yalikua yakawa makubwa kuliko mwaka uliotangulia.

Mvua zilikatika Mei. Julai majani yalikuwa makavu, yakiunguruma upepo ukipita. Agosti moto ukatoka bondeni. Huku kwetu kila mtu anajua nani anawasha mioto ya wakati huo: wawinda panya na ndezi, ambao wakishapata kitoweo chao hawarudi kuzima. Moto ukianzia chini ya mteremko unakimbia kuliko wa tambarare, kwa sababu ndimi zake zinalala mbele na kukausha majani yaliyo juu kabla haujayafikia. Wazimamoto wana kanuni kwamba kila mteremko ukiongezeka nyuzi 10, kasi ya moto inakuwa karibu mara mbili. Mwanya wa kwenda kuita watu haukuwepo.

Agosti ni katikati ya maua. Mikorosho mikubwa haikufa, lakini matawi ya chini yote yalibabuka maua yake. Miche iliyobebeshwa, yaani iliyoungwa kikonyo cha mti bora, ambayo familia ilikuwa imeipanda kujaza mapengo, iliteketea yote. Na miti iliyokuwa imevuliwa udongo kwenye mizizi iliumia zaidi, maana moto ulipata sehemu ambazo kwa kawaida zinalindwa na ardhi. Hapo ndipo korongo na moto vinapokutana kwenye mti mmoja.

Majani yale yale, kazi mbili

Mwaka wa kwanza majani yote yaliondolewa mvua ikiwa bado inakuja. Mwaka wa pili yote yaliachwa kiangazi kikiwa kimefika. Kila mwaka ulichukua nusu isiyofaa ya kalenda. Kwenye mteremko majani ni ukuta wa kuzuia maji kuanzia Desemba hadi Aprili, halafu yanageuka kuni kuanzia Juni. Kwa hiyo swali la trekta, jembe, dawa au mashine, ambalo ndilo familia iliniuliza, nililiweka pembeni kwanza. Kifaa kinachagulika baada ya kujua nini kikatwe mwezi gani na nini kisiguswe.

Wazo hili si geni duniani. Kusini mwa Ujerumani na Austria kuna mashamba ya zamani ya matufaha na mapeasi kwenye miteremko, miti mirefu iliyopandwa kwa kuachana na chini yake nyasi za kudumu. Hawalimi chini ya miti. Wanakata nyasi mara mbili tatu kwa mwaka, na pale trekta lisipofika mtu anaingia na mundu mrefu wa mikono miwili au mashine ya magurudumu mawili anayotembea nyuma yake. Lakini kule nyasi zikikatwa zinakaushwa zikaliwe na ng'ombe, kwa hiyo zinaondoka shambani zenyewe. Newala ng'ombe ni wachache. Majani yaliyokatwa yanabaki pale pale yalipoanguka, na hilo ndilo linalotufanya tushindwe kuiga moja kwa moja.

Kuhusu mbuzi, swali linaloulizwa kila mahali: mbuzi watakula majani, wakimaliza watakula miche, na wakati wa mavuno watakula mabibo. Kondoo ni waungwana kidogo. Katika shamba lenye miche iliyobebeshwa sikushauri yeyote kati yao aingie bila kamba.

Kalenda tuliyoipanga

Kabla ya kukata chochote tulitengeneza fremu A. Miti miwili iliyonyooka ya mita mbili, imefungwa juu, fito imekatiza katikati, na uzi wenye jiwe unaning'inia kutoka kileleni kama timazi. Uzi ukigusa alama ya kati kwenye fito, miguu yote miwili iko usawa mmoja. Unaizungusha mguu baada ya mguu, unachomeka kijiti kila unapokanyaga, na mwisho una mstari wa vijiti unaozunguka mteremko badala ya kuushuka. Mama alicheka vijiti vilipokata mistari ya mikorosho kwa upande. Alidhani mistari ya mjomba imekaa sawa na ardhi. Haikukaa. Karibu kila mstari ulikuwa umeinama kidogo kuelekea sehemu ile ile, na korongo lilitokea hapo hapo.

Juu ya mistari ya vijiti tuliacha mikanda ya majani, upana wa hatua moja na kitu, mkanda mmoja kwa kila mistari miwili ya mikorosho. Mkanda haukatwi mvua ikiwepo. Mvua ikikatika nao unakatwa, lakini kwa kuacha mashina ya kiganja kimoja ili mizizi ibaki hai. Hili la mkanda lilimtia mama aibu mwanzoni. "Mwanangu, watu watasema nimeshindwa," aliniambia, na sikuwa na la kumjibu, maana kweli walisema.

Kati ya mikanda, mkato wa kwanza ni mwishoni mwa Januari, majani yakiwa magotini. Hapa wengi hukata chini kabisa ili wasirudi mapema. Mteremkoni tunaacha urefu wa sentimita 10 hadi 15. Ndiyo, yanachipua haraka. Acha yachipue, jani linalochipua linashika udongo wakati wa mvua za Machi, na hakuna mvua inayotuhusu kuliko hiyo. Mkato wa pili ni kuanzia mwisho wa Aprili kuingia Mei, huo ndio mkubwa, unaoandaa kiangazi na kumfungulia njia mpuliza salfa, ule unga wa kuzuia ubwiriunga. Mtu mwenye bloa mgongoni anaingia shambani alfajiri, upepo haujaamka na umande uko kwenye maua ili unga ushike. Mpe majani ya kifuani yenye umande na atapuliza miti ya pembeni tu, kisha atakudai mti kwa mti. Ninasema ninachokijua. Mkato wa tatu ni mwisho wa Agosti au Septemba na ni wa chini ya kivuli peke yake, kabla korosho hazijaanza kudondoka, ili mwokotaji azione.

Chini ya kivuli ndipo mahali pekee jembe lilipopata kazi. Kwa kila mti tuliinua kituta cha nusu mwezi upande wa bondeni, pale matone ya kivuli yanapoishia, kwa kuvuta udongo kutoka nje ya kivuli ili mizizi iliyo chini ya kivuli isijeruhiwe. Kituta kinasimamisha maji. Kinasimamisha na korosho pia. Asiyewahi kuokota mteremkoni hajui kwamba bibo likidondoka linabingirika, korosho ikiwa bado imening'inia, na korosho za mti wa juu zinaokotwa kwa jirani wa chini, ambaye naye hana haraka ya kuzirudisha.

Majani yaliyokatwa na matawi ya miti iliyopunguzwa tuliyalaza kwa mstari upande wa juu wa kila mkanda. Mvua inayaozesha, mchwa wanasaidia, udongo unaoteremka unakwama hapo. Lakini mstari wa majani makavu mwezi wa nane ni utambi. Nilitumia muda mrefu na kijana juu ya hili kuliko jambo jingine lolote. Mstari usiguse shina lolote, umbali usipungue hatua mbili. Ukatizwe kila baada ya miti mitatu kwa mwanya wa ardhi tupu. Na kinachobaki mwezi wa saba bila kuoza kivutwe kwa reki kipelekwe kwenye korongo, ambako tulikuwa tumesimamisha vizuizi vya vigingi na matawi, kimoja chini ya kingine, vya kupunguza kasi ya maji na kukamata tope. Kwenye mdomo wa juu wa korongo tulipanda nyasi za vetiva.

Upande wa bondeni tulifungua njia ya moto, upana wa mita nne, imeparuliwa hadi udongo, ila imepindishwa kufuata vijiti vya fremu A na si kushuka. Njia ya moto iliyonyooka kushuka mteremko ni korongo la mwakani.

Mashine mteremkoni

Kijana anatumia mashine ya kufyeka ya kuvaa begani, ya petroli yenye kuchanganywa oili. Ya kwake inataka moja kwa hamsini: mililita 20 za oili kwa lita moja, 100 kwa dumu la lita tano. Zipo zinazotaka oili zaidi, kila mtu asome maelezo ya yake. Nimeona mashine nyingi zilizokufa kwa sababu fundi wa bodaboda alikadiria kwa jicho.

Njia yake ya zamani ilikuwa kuanza juu na kushuka akipepea huku na huku. Tuliigeuza. Kisu cha mashine nyingi huzunguka kinyume na mshale wa saa, kwa hiyo mkato unakwenda kutoka kulia kwenda kushoto na majani yanaangukia kushoto. Anaanza chini kabisa, anatembea kwa usawa, bonde likiwa mkono wake wa kushoto. Majani yanaangukia palipokwisha kukatwa, kulia kwake kuna majani mabichi yaliyosimama, na anaona anapokanyaga. Akifika mwisho hageuki kukata akirudi, anarudi mikono mitupu na kuanza mstari wa juu yake. Alilalamika kwamba nusu ya matembezi ni ya bure. Ni kweli, na ndiyo maana tulikubaliana naye kwa ngwe na si kwa ekari. Mwenye kulipwa kwa ekari atashuka moja kwa moja ukigeuza mgongo.

Visiki sasa. Kisu cha chuma kikigonga kisiki kilichofichwa na majani kinarusha mashine pembeni kwa nguvu ya kumwangusha mtu, na kwenye mteremko kuanguka na kisu kinachozunguka si mchezo. Kabla ya mkato wa kwanza mama na wajukuu walipita wakasimika mti mrefu wenye kitambaa kwenye kila kisiki walichokikumbuka, na vile vya karibu na njia vilikatwa usawa wa ardhi. Hata hivyo viwili vilipatikana kwa kisu.

Uzi wa nailoni ni salama zaidi kwenye mawe, lakini ukizungukia mche mchanga unauchuna ganda pande zote na mche unakufa taratibu, mwenyewe ukidhani ni ukame. Kuzunguka kila mche uliobebeshwa, eneo la hatua moja linakatwa kwa nyengo au panga, mashine hairuhusiwi. Watoto na watazamaji wakae mita 15, maana mawe yanaruka, na watazamaji hawakosekani.

Upupu una sheria yake. Ukiukata kwa mashine mbegu zake zikiwa zimekauka, unakuwa umeusaga na kuupuliza hewani, na mkata hatamaliza asubuhi hiyo. Unakatwa Februari au Machi ukiwa mbichi, kabla haujabeba. Kijana alilijua hili kuliko mimi. Alinionyesha shingoni.

Jambo moja nililibishania bila kushinda. Vibarua wanapokuta viota vya majimoto kwenye matawi ya chini huvichoma, kwa sababu sisimizi hao wekundu wanauma na kazi haiendi. Majimoto hula mbu wa mikorosho na wadudu wengine wanaofyonza machipukizi; mti wenye viota vyao una mlinzi asiyelipwa. Nilisema viota viachwe. Viliachwa vilivyo juu.

Msimu wa tatu, na pale chini

Gharama ya mwaka wa kwanza wa mpango huu ilizidi ile ya trekta, na mdogo wake mama aliitaja mara zaidi ya moja. Sehemu kubwa ilikuwa vituta na vizuizi, ambavyo havirudiwi kila mwaka. Korongo halikusogea juu. Vizuizi viwili vya kwanza vilijaa tope hadi ukingoni, cha tatu kiling'olewa na maji kikarudishwa. Miti iliyoachwa mizizi nje ilifukiwa kwa udongo uliokwama kwenye vituta. Mavuno ya mteremko yalirudi, ingawa matawi ya chini yaliyobabuka bado hayajatoa kitu cha maana na mingine itabidi ipogolewe.

Lililobaki ni kipande cha chini kabisa, palipo na mteremko wa mita moja kwa kila mbili. Pana mikorosho kumi na moja, mizee, katikati ya kichaka. Mpuliza salfa hawezi kusimama pale, kwa hiyo haipulizwi, na kila mwaka inakuwa chimbuko la ubwiriunga unaopanda na upepo kwenda kwenye miti iliyopulizwa kwa gharama. Mdogo wake anataka kichaka chote kifyekwe ili miti ihudumiwe. Mimi nilishauri kinyume: miti ikatwe, kichaka kibaki, kwa sababu hakuna mkanda wala kituta kitakachoshika udongo wa pale kama mizizi ya kichaka.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. "Kichaka hakiguswi," akasema, "hapo ndipo tunapochimba ming'oko, viazi vyetu vya porini, tangu kwa mjomba. Lakini mikorosho ni ya mjomba pia, mwanangu."

Tumekubaliana ikatwe tisa kiangazi hiki, kwa msumeno, usawa wa ardhi, magogo yashushwe kwenye korongo. Miwili iliyo karibu na njia inabaki mpaka mdogo wake aje Desemba, waamue wenyewe.